UZI: Kadi inawaka lakini makosa hayaishi? Tuzungumze chaneli za bodi ya nyuma: kuzifafanua kwanza, kuzipima baadaye

#1 Fundi wa Mawimbi

Heshima kwenu wakuu.

Kila likija suala la ruta na swichi kubwa za chasi, malalamiko ni yale yale: taa ya kijani inawaka, kadi inasomeka, halafu kaunta ya makosa inapanda. Majibu nayo yanakuja haraka: badili kadi, pandisha toleo la programu, safisha konekta. Bodi ya nyuma, ile ambayo kadi zote zinachomekwa, haitajwi. Mara nyingi haina chipu ya maana wala kitu cha kuungua, basi watu wanaichukulia kama sehemu ya kabati tu.

Kwa kasi za leo hilo ni kosa kubwa, na hesabu zipo. Chukua 10GBASE-KR, kiwango cha Ethaneti cha bodi za nyuma, iliyotoka kwenye IEEE 802.3ap mwaka 2007. Jozi moja ya shaba inabeba gigabiti 10.3125 kwa sekunde: 10 za data pamoja na nyongeza ya usimbaji wa 64b/66b. Biti moja inadumu pikosekunde 97. Ndani ya FR-4, kihami cha kawaida cha bodi za saketi, ishara inakwenda kama sentimita 15 kwa nanosekunde, kwa hiyo mita 1 inachukua nanosekunde 6.7 hivi. Maana yake, biti ya kwanza inapofika ng'ambo, nyingine karibu 69 tayari zimo njiani zinafuatana kwenye shaba ile ile. Ukipanda hadi 25.78125 Gb/s zinazidi 170. Na kila mahali shaba inapobadilika umbo, sehemu ya nishati inageuka na kurudi, inakutana na biti zinazokuja nyuma yake.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mwenye kupinga apinge: wengi wetu tunapima chaneli kabla ya kukubaliana inaanzia wapi, inaishia wapi, na itahukumiwa kwa kipimo gani.

Chaneli ninayoizungumzia hapa ni safari nzima: kutoka kwenye mpira wa lehemu wa chipu inayotuma, mstari wa shaba kwenye kadi, tundu lililopakwa shaba, konekta, tundu la bodi ya nyuma, mstari mrefu wa bodi ya nyuma, tundu jingine, konekta ya pili, mstari wa kadi ya pili, hadi mpira wa lehemu wa chipu inayopokea. 802.3ap ililenga mita 1 ya FR-4 iliyoboreshwa yenye konekta mbili. Ukipima bodi ya nyuma peke yake ukasema "chaneli ni nzuri", umepima katikati ya safari ukaacha mwanzo na mwisho wake.

Naendelea nikipata maswali.

#2 Kijana wa Chuo

Shikamoo wakubwa. Naweka kambi hapa.

#3 mzee_wa_lehemu

Mkuu Fundi, naheshimu hoja yako ila unaifanya ngumu bila sababu. Mimi kwenye kazi zangu naangalia upotevu, yaani ishara inavyofifia njiani. Nachukua urefu wa mstari, nazidisha na dB (kipimo cha huko kufifia) kwa sentimita, naongeza kidogo kwa ajili ya konekta. Ikiwa chini ya kikomo, tunaenda kiwandani. Imekuwa ikifanya kazi.

#4 Fundi wa Mawimbi

Mzee wangu, upotevu ni mahali sahihi pa kuanzia na siupuuzi hata kidogo. Tena tuuweke kwa namba ili Kijana wa Chuo afaidike.

Ishara inapotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni shaba. Frikwensi ikipanda, mkondo unakimbilia juu ya ngozi ya shaba. Kwa 1 GHz unatumia unene wa mikromita 2 tu, kwa 10 GHz ni 0.66. Upotevu huu unakua kwa kipeuo cha pili cha frikwensi, yaani ukizidisha frikwensi mara nne, upotevu unakuwa mara mbili. Ya pili ni kihami, ile gundi na nyuzi za kioo zilizozunguka shaba. Huu unakua sawa sawa na frikwensi, na ndio unaotuumiza huko juu. Kanuni ya haraka: dB kwa mita = 91 × frikwensi kwa GHz × kipeuo cha pili cha Dk × Df. Dk inaonyesha kihami kinavyopunguza kasi ya ishara, Df kinavyoila.

Weka FR-4 ya kawaida, Dk 4 na Df 0.02, kwenye 5.16 GHz ambayo ni nusu ya kasi ya 10GBASE-KR. Unapata karibu dB 19 kwa mita kutokana na kihami peke yake. Sogea hadi 12.9 GHz, nusu ya kasi ya 25.78: dB 47. Badili kihami kiwe chenye Dk 3.6 na Df 0.005, kwenye 12.9 GHz hiyo hiyo inashuka hadi dB 11 hivi. Ndiyo maana bodi za nyuma za kizazi hicho zilihama FR-4 ya kawaida. Kulikuwa hakuna namna.

Mpaka hapo tuko pamoja. Tunakoachana ni hapa: namba moja ya upotevu haikuambii umbo la mstari wa upotevu. Chaneli mbili zinaweza kuwa na dB 25 kwenye 12.9 GHz, moja ikashuka taratibu kama mteremko, nyingine ikawa na mashimo na mawimbi. Ile ya kwanza risiva (upande unaopokea) yenye ikwalaiza nzuri, saketi ya kurekebisha umbo la ishara, inainyoosha. Ya pili inaishinda.

Kamati ya 802.3ap ililiona hilo. Kiambatisho 69B kiliweka mistari ya mipaka ya mambo kadhaa kwa pamoja: upotevu uliolainishwa, upotevu wenyewe, namna unavyopotoka kutoka kwenye mstari laini, nishati inayorudi nyuma, na uwiano kati ya upotevu na mwingiliano wa jozi jirani.

#5 Bi. Saketi

Fundi, nami niongeze kitu hapo kwenye 69B, maana nimefanya kazi na ile mipaka.

Tatizo lake ni kwamba kila mstari unahukumiwa peke yake. Chaneli yako inaweza kugusa mpaka wa nishati inayorudi kwenye 4 GHz, ukaambiwa imeanguka, wakati ina upotevu mdogo sana na mwingiliano mdogo sana na ingefanya kazi bila shida. Na kinyume chake: chaneli inapita kila mpaka kwa unywele, lakini yote matatu yakijumlishwa risiva inalemewa. Ile mipaka yenyewe iliwekwa kama taarifa na wala haikuwa sharti. Mbunifu alikuwa hana namna ya kubadilishana: "nimepunguza mwingiliano, nipe ruhusa ya upotevu zaidi."

Hicho ndicho kilicholeta kipimo cha COM (Channel Operating Margin) kwenye kiwango cha 802.3bj mwaka 2014.

#6 Kijana wa Chuo

Dada Bi. Saketi, hiyo COM ndiyo naisikia kila mahali. Inafanyaje kazi kwa lugha ya mtu wa mwaka wa tatu?

#7 Bi. Saketi

Twende taratibu.

COM ni namba moja ya dB inayotoka kwenye hesabu, na hesabu inaanza na vipimo halisi vya chaneli yako: faili ya S-parameta (namba zinazoonyesha ishara inavyopita na inavyorudi kwa kila frikwensi) ya jozi yenyewe, pamoja na faili za jozi jirani zinazoisumbua. Hesabu inaongeza kila ncha mfano wa kasha la chipu. Kwa 100GBASE-KR4, kiwango cha 802.3bj chenye jozi za 25.78 Gb/s, mifano ni miwili, mmoja una mstari wa milimita 12 na mwingine 30, na lazima chaneli ipite kwa yote miwili. Halafu inaweka transmita ya mfano na risiva ya mfano zenye ikwalaiza zake, ikiwemo DFE ya hatua 14 inayofuta mabaki ya biti zilizotangulia, inajaribu mipangilio yote inayoruhusiwa na kuchagua iliyo bora.

Baada ya hapo inauliza: pigo la biti moja likifika kwenye risiva, kimo chake ni kipi? Hiyo ni As. Na kelele zote zikijumlishwa, yaani mabaki ya biti zilizotangulia, mwingiliano wa jirani, mtikisiko wa muda na kelele ya risiva yenyewe, zinaweza kufika kimo gani kwa uwezekano wa makosa uliokubaliwa? Hiyo ni Ani. COM ni mara 20 ya logi ya As kwa Ani. Kwa KR4 uwezekano huo ni kosa 1 kwa biti 100,000 kabla ya RS-FEC (usimbaji wa FEC, wa kurekebisha makosa ya biti) kusahihisha, na COM inatakiwa isipungue dB 3. Yaani ishara iwe angalau mara 1.41 ya kelele mbaya kabisa.

Ninachokipenda ni kwamba biashara ya kubadilishana imeruhusiwa. Upotevu mkubwa na ukimya mwingi, sawa. Upotevu mdogo na kelele kiasi, sawa pia.

#8 mzee_wa_lehemu

Hapo nimekuelewa Bi. Saketi. Ila KR4 si ina kikomo chake cha upotevu, dB 35?

#9 Fundi wa Mawimbi

Ndiyo mzee, 35 kwenye 12.9 GHz. Hebu tuione kwa jicho: dB 35 ni kugawanya kwa 56. Volti 1 ya frikwensi hiyo ikiingia, ng'ambo zinatoka kama milivolti 18. Sasa fikiria jozi jirani kwenye konekta ile ile ya upande wa risiva, lakini yenyewe inatuma. Iko kwenye nguvu zake zote, haijapoteza chochote. Ikivujisha dB 40 tu, yaani sehemu moja ya mia, hizo ni milivolti 10 dhidi ya 18 zako. Ndiyo sababu wabunifu makini wanazitenga jozi za kutuma na za kupokea ndani ya konekta na hawazichanganyi safu moja.

Viwango vilivyofuata vinatumia ngazi nne za volti, PAM4. 100GBASE-KP4 ya kwenye 802.3bj hiyo hiyo iliruhusu dB 33 kwenye 7 GHz, kwa ajili ya bodi zenye kihami duni zaidi. 802.3cd ya 2018 ikaweka dB 30 kwenye 13.28 GHz, na 802.3ck ya 2022 dB 28 kwenye 26.56 GHz. Kikomo kinashuka huku frikwensi inapanda, kwa hiyo shaba inayoruhusiwa inafupika.

#10 Nahodha_Mtandao

Wakuu naomba niulize kitu kinachonisumbua muda mrefu. Nahudumia chasi moja, mtengenezaji simtaji. Kadi ikikaa nafasi za mbali na kadi ya swichi, kaunta ya FEC imetulia. Ikikaa nafasi ya jirani kabisa na kadi ya swichi, makosa yanayosahihishwa yanapanda sana. Nimebadilisha kadi, hali ni ile ile, tatizo linabaki kwenye nafasi. Njia fupi si ndiyo ingekuwa bora?

#11 Fundi wa Mawimbi

Nahodha, swali lako ndilo nililolisubiri.

Njia fupi ina upotevu mdogo, kweli. Lakini upotevu pia unaua mwangwi. Konekta mbili zikiwa na kasoro ya impidansi (ukinzani ambao ishara inaukuta njiani), sehemu ya ishara inagonga konekta ya pili, inarudi hadi ya kwanza, inagonga tena na kwenda kwa risiva. Mwangwi huo umepita kipande cha katikati mara mbili zaidi ya ishara yenyewe. Kipande kikiwa na dB 15, mwangwi unapoteza dB 30 za ziada na kufifia kabisa. Kikiwa na dB 3, unapoteza 6 tu. Unafika ukiwa na nguvu.

Na unafika lini? Chukua sentimita 10 kati ya konekta na konekta. Kwenda na kurudi ni sentimita 20, nanosekunde 1.33. Kwa 25.78 Gb/s hizo ni biti 34 nyuma ya ishara. DFE ya hatua 14 inafuta mabaki ya biti 14 za kwanza. Ya 34 haiifikii. Inabaki kama kelele tupu.

Kuna la pili, mikia ya matundu. Bodi ya nyuma inaweza kuwa na unene wa milimita 6. Pini ya konekta inaingia kutoka juu, tundu limepakwa shaba mpaka chini, lakini mstari wako unatokea kwenye tabaka la milimita 1 tu kutoka juu. Milimita 5 zilizobaki zinaning'inia bila kazi. Ishara inashuka hadi mwisho wa mkia, inarudi, na kwenye frikwensi ambayo mkia ni robo ya wimbi inafika kinyume na ishara inayopita na kuimeza. Hesabu: kasi ya mwanga, gawanya kwa 4 × urefu × kipeuo cha pili cha Dk. Kwa milimita 5 na Dk 4 ni 7.5 GHz, na kwa hali halisi huwa chini ya hapo kwa sababu vidonge vya shaba kwenye tabaka vinaongeza kapasitansi. Shimo la 7.5 GHz liko katikati kabisa ya bendi ya 25.78 Gb/s.

Dawa ni kutoboa upande wa nyuma kwa drili nene kidogo kuliko tundu, kuondoa shaba ya mkia. Ukibakiza nusu milimita, shimo linahamia 75 GHz na huna habari nalo. Kwenye chasi nyingi mistari ya nafasi jirani hupangwa kwenye tabaka lolote lililobaki, na wakati mwingine ndiyo hayo ya juu yenye mikia mirefu. Siwezi kukuhukumia chasi yako bila kipimo, lakini dalili zako zinafanana sana na hayo mawili.

#12 Nahodha_Mtandao

Duh. Nimeelewa sasa kwa nini kubadilisha kadi hakukusaidia. Nitalipimaje hilo mimi?

#13 Bi. Saketi

Kwenye kituo kinachofanya kazi hutaweza. Hiki ni kipimo cha maabara, lakini nieleze ili ujue cha kudai kwa mtengenezaji.

Kifaa ni VNA, mashine ya kupima S-parameta, ya milango minne. Unatengeneza kadi za majaribio zinazoingia kwenye konekta za bodi ya nyuma, ncha ya pili zina konekta za mviringo za 2.92 mm. Unakalibrisha, unapima milango yote minne, unapata faili ya Touchstone (muundo wa kuhifadhia S-parameta) yenye herufi .s4p. Kutoka hapo unageuza kwenda S-parameta za jozi: Sdd21 inakupa upotevu, Sdd11 inakupa kinachorudi, na Scd21 inakuonyesha kiasi gani cha ishara ya jozi kimegeuka kuwa kelele ya pamoja kwa sababu waya mbili hazilingani. Waya mbili kutofautiana milimita 1 tu ni karibu pikosekunde 7 kati ya 38.8 za biti. Na zinaweza kuwa sawa kwa rula bado zikatofautiana, kwa sababu moja imepita juu ya uzi wa kioo na nyingine juu ya gundi, na kioo kina Dk kubwa kuliko gundi. Ndiyo maana wengine huzungusha mchoro nyuzi 10 kwenye karatasi ya kihami.

Hatua ya frikwensi iwe 10 MHz au ndogo zaidi. Sababu yake ni kwamba 1 gawanya kwa 10 MHz ni nanosekunde 100, hilo ndilo dirisha la muda utakalopata ukigeuza vipimo. Linatosha mwangwi wote uishe. Ukiweka hatua kubwa, mwangwi wa mbali unajikunja na kuonekana mahali usipokuwepo.

Kisha ondoa kadi za majaribio kwenye matokeo. Hapa ndipo hoja ya Fundi ya kufafanua kwanza inapolipa: lazima ujue mpaka wako uko wapi, la sivyo unahesabu shaba ya kadi ya majaribio kama ya bodi au unakata shaba ya bodi yenyewe. IEEE 370 ya mwaka 2020 imeweka utaratibu mzuri wa kutengeneza na kukagua vifaa hivi hadi 50 GHz. Na kabla ya kuamini faili, kagua: S21 na S12 zilingane, nishati inayotoka isizidi iliyoingia, na jibu lisitokee kabla ya ishara kuingia. Faili nyingi mbovu zinaanguka hapo.

#14 Kijana wa Chuo

VNA ya bei hiyo chuoni kwetu hakuna. Zile NanoVNA ndogo hazitoshi?

#15 Fundi wa Mawimbi

Kwa kujifunza zinatosha kabisa, kwa hukumu hapana. Ile ya kawaida iko chini ya 2 GHz, baadhi ya matoleo ya baadaye yanafika 3 GHz na zaidi, na ina milango miwili. Unaweza kupima kitu cha milango minne kwa kifaa cha milango miwili: pima jozi zote sita za milango, huku miwili isiyotumika ikifungwa kwa omu 50. Chukua vipande viwili vya kebo ya mtandao au bodi uliyoichora mwenyewe, fanya hivyo, utaelewa S-parameta kuliko kusoma sura tatu.

Kwa chaneli halisi kuna njia isiyo na gharama. Vikosi kazi vya IEEE 802.3 vimeweka hadharani faili za Touchstone zilizoletwa na kampuni mbalimbali wakati viwango vinajadiliwa, pamoja na programu ya COM ya MATLAB. Pakua chaneli moja, ifungue kwa scikit-rf kwenye Python, chora Sdd21, tafuta shimo la mkia, kadiria urefu wa mkia kwa ile kanuni ya robo ya wimbi. Ukitaka mradi wa mwaka wa mwisho, upo hapo.

#16 mzee_wa_lehemu

Na kipimo cha makosa chenyewe? Kwa nini tusiendeshe tu PRBS31 (mfuatano wa biti za majaribio) usiku kucha, tukapata sifuri, tukalala?

#17 Bi. Saketi

Mzee, kiendeshe, ni kipimo halali. Kudai kosa lisilozidi 1 kwa biti 10^12 kwa uhakika wa asilimia 95 unahitaji biti 3 × 10^12 bila kosa hata moja. Kwa 10.3125 Gb/s hizo ni kama dakika 5. Usiku kucha unakupa uhakika zaidi, lakini uhakika wa kadi hiyo, kwenye nafasi hiyo, kwa joto la usiku huo. Chipu uliyonayo inaweza kuwa bora kuliko itakayokuja kwenye shehena ijayo. COM inakupa nafasi iliyobaki kwa chipu ya kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa.

#18 Pwani Tech

Mimi niko Mombasa, nimesoma kimya ila hapo kwenye joto nimeguswa. Vyumba vyetu vya mitambo AC ikifa, unyevu na joto vinapanda pamoja. Inahusika?

#19 Fundi wa Mawimbi

Inahusika moja kwa moja. Kihami cha aina ya FR-4 kinanyonya unyevu, na Df yake inapanda kwa unyevu na kwa joto. Upinzani wa shaba nao unapanda kwa joto. Chaneli iliyopimwa kwenye maabara kavu ya nyuzi 23 ikabakiwa na nafasi ndogo inaweza kuimaliza huko kwenu. Kwa hiyo ukiona kaunta ya FEC inapanda siku AC ikizima na kushuka ikirudi, iandike pamoja na joto la chumba na namba ya nafasi.

#20 Nahodha_Mtandao

Sasa nikimwandikia mtengenezaji, nidai nini hasa?

#21 Bi. Saketi

Dai haya: faili ya .s4p ya jozi za nafasi inayosumbua na ya nafasi moja nzuri ya mbali, pamoja na jozi jirani zinazozisumbua. Waseme vipimo vimeanzia na kuishia sehemu gani. COM kwa mifano yote miwili ya kasha, na kwa joto gani. Tabaka ambalo mistari ya nafasi hiyo imepita, na kama matundu yake yametobolewa nyuma na mkia uliobaki ni milimita ngapi. Ambatisha kaunta zako za FEC za nafasi zote kwa saa zile zile. Wakikujibu kwa mchoro wa jicho (picha ya biti zilizorundikwa juu ya nyingine) tu, warudishie, waambie unataka faili.

#22 Nahodha_Mtandao

Nimenakili yote. Naandika leo, majibu nitayaleta hapa hapa.